Mtoto wako anarusha mbali? Fahamu anachohitaji kwako na kwa mwalimu wake

Julius Yego alijifunza mkuki kwa kutazama video. Michelle Carter alifundishwa tufe na baba yake, aliyekuwa mrushaji wa chuo kikuu. Maisha yao yana somo kwa mzazi wa Ufipa, kuanzia jikoni hadi uwanja wa shule.

Sumbawanga. Wenyeji wa Ufipa hueleza jina la mji wao kwa maneno mawili ya Kifipa, sumba na wanga, yaani tupa uchawi. Ni mji ambao jina lake linaanza na kutupa, lakini msimu wa michezo ya shule unapofika, kurusha ndiko kunakopewa nafasi ya mwisho.

Msimu huo huja na baridi. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei upepo wa uwanda wa juu huwafanya watoto wavae sweta hadi saa nne asubuhi. Mahindi yanasubiri kuvunwa. Shule za msingi zinajiandaa kwa UMITASHUMTA na za sekondari kwa UMISSETA, mashindano yanayoanzia shuleni, kupitia kata, wilaya na mkoa, hadi ngazi ya taifa.

Soka na netiboli huvuta watazamaji, kisha mbio. Pembeni kabisa, mbali na kelele, huchorwa duara la chokaa. Mara nyingi anayepelekwa huko ni yule mtoto mwenye mabega mapana au mwili mkubwa ambaye hakupata nafasi kwenye mbio. Huambiwa aende akarushe, basi.

Akirudi nyumbani na kusema amechaguliwa kurusha tufe, mzazi naye hujiuliza: chuma hicho kitamsaidia nini mwanangu? Hakitamwumiza mgongo? Na kama ni binti, hakitamfanya aonekane kama mwanamume?

Ni maswali ya haki. Majibu yake yanategemea watu wazima wawili: anayemlisha mtoto huyo tangu tumboni na anayesimama naye kwenye duara.

Majina ambayo watoto hawayajui

Watanzania wengi wanamjua Filbert Bayi na John Stephen Akhwari. Wanaoweza kumtaja mrushaji hata mmoja ni wachache, ingawa nchi imekuwa nao.

Mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Theresia Dismas alirudi kutoka Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville akiwa na medali ya fedha ya kurusha mkuki. Alikuwa mwanamke, na mchezo wake haukuwa wa mbio.

Baada yake akaja Zakayo Malekwa, naye wa mkuki. Aliiwakilisha Tanzania katika Michezo ya Olimpiki mitatu mfululizo: Moscow 1980, Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1982 mjini Brisbane, Australia, alipata medali ya shaba.

Mtoto wa Laela, Matai au Namanyere anayeshika mkuki leo hasikii majina hayo shuleni. Anaanza kama vile hakuna Mtanzania aliyewahi kuurusha.

Kijana aliyefundishwa na video

Kisa kinachojulikana zaidi Afrika Mashariki ni cha Julius Yego wa Kenya. Alizaliwa Januari 4, 1989, katika Kaunti ya Nandi, eneo ambalo kijana mwenye kipaji cha riadha hutarajiwa kukimbia. Yeye alipenda kurusha. Alianza na vijiti, kisha mkuki wa shuleni.

Tatizo lake lilikuwa moja: hakuwa na wa kumfundisha. Kenya ilikuwa na makocha wa mbio kila kona, lakini wa mkuki walikuwa adimu. Yego akawa anakwenda kwenye duka la intaneti, analipia muda, anafungua YouTube na kuwatazama mabingwa kama Jan Železný wa Jamhuri ya Czech na Andreas Thorkildsen wa Norway. Aliangalia wanavyoshika mkuki, wanavyovusha mguu, wanavyogeuza nyonga. Kisha alikwenda uwanjani kujaribu alichokiona.

Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo. Ushindi huo ulimfungulia ufadhili wa mazoezi huko Kuortane, Finland, nchi yenye historia ndefu ya mkuki. Huko ndiko alikopata kocha wa kumwangalia kwa macho, Petteri Piironen.

Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 2012 alifika fainali ya Olimpiki London na kumaliza wa 12. Mwaka 2013 alikuwa wa nne duniani mjini Moscow. Mwaka 2014 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Agosti 2015, katika mashindano ya dunia mjini Beijing, mkuki wake ulikwenda mita 92.72 na akawa bingwa wa dunia. Kwa mkuki wa muundo unaotumika sasa, wakati huo ni watu wawili tu waliokuwa wamerusha mbali zaidi yake.

Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro alipata fedha ya Olimpiki kwa mita 88.24, ingawa aliumia mguu katikati ya fainali. Mwaka 2024 mjini Paris, akiwa na umri wa miaka 35, alimaliza wa tano kwa mita 87.72.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba mtoto akiwa na simu na bidii, mengine yatajipa. Lakini tazama miaka yenyewe. Akiwa na video peke yake, Yego alishinda Michezo ya Afrika. Miaka minne baadaye, baada ya kupata kocha, alikuwa amezidi mita 92. Video ilimwonyesha wengine wanavyofanya. Haikuweza kumwona yeye na kumwambia kwamba kiwiko chake kimeshuka.

Na kwa kila Yego mmoja, haijulikani ni vijana wangapi walioiga video, wakaumia bega na kuacha. Hao hawaandikwi magazetini.

Baba aliyekuwa mrushaji

Upande wa pili ni kisa cha mtoto aliyekuwa na mwalimu ndani ya nyumba. Kinatokea mbali, jimbo la Texas nchini Marekani, lakini mambo mengi yaliyomo yanafanana na yanayowakuta wazazi wa hapa.

Michael Carter alizaliwa Dallas mwaka 1960. Mwaka 1979, akimaliza sekondari, alirusha tufe la wanafunzi la kilo 5.44 umbali wa mita 24.77. Zaidi ya miaka 40 baadaye, rekodi hiyo ya sekondari nchini mwao ilikuwa bado haijavunjwa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Southern Methodist, mjini Dallas, akashinda mataji kadhaa ya vyuo vikuu katika tufe.

Mwaka 1984 alipata fedha ya Olimpiki mjini Los Angeles kwa mita 21.09. Mwaka huohuo alianza kuchezea timu ya San Francisco 49ers ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ambako alitwaa ubingwa wa ligi mara tatu.

Binti yake Michelle alizaliwa Oktoba 1985. Kwa jina la baba yake, mtu angedhani mtoto alishikishwa tufe akiwa anatambaa. Haikuwa hivyo. Mwaliko wa kujaribu tufe aliupata shuleni, akiwa darasa la saba. Baba hakuwa amemsukuma. Alisubiri hadi binti alipoonyesha kwamba anautaka mchezo huo, ndipo akawa kocha wake.

Jambo hilo linastahili kusomwa mara mbili na mzazi yeyote aliyewahi kuwa mchezaji. Wapo wazazi wanaotaka mtoto akamalizie walichokiacha wao. Mtoto hugundua mapema kwamba anayekimbia au kurusha si yeye, ni baba. Mara nyingi huuchoka mchezo akiwa bado kijana.

Michelle hakuchoka. Mwaka 2003 aliweka rekodi ya taifa ya wasichana wa sekondari katika tufe, halafu akasoma na kurusha katika Chuo Kikuu cha Texas. Olimpiki ya kwanza, Beijing 2008, alimaliza wa 15. Baba hakubadilisha mtoto, na mtoto hakubadilisha kocha. Wakaendelea.

Agosti 12, 2016, mjini Rio, Michelle aliingia kwenye duara kwa mrusho wake wa mwisho. Aliyekuwa akiongoza ni Valerie Adams wa New Zealand, bingwa wa Olimpiki wa 2008 na 2012, kwa mita 20.42. Tufe la Michelle likaanguka kwenye mita 20.63. Alikuwa na miaka 30, na akawa mwanamke wa kwanza wa Marekani kushinda dhahabu ya Olimpiki katika tufe. Baba alikuwa na fedha, binti sasa ana dhahabu.

Yaliyokuwa nyuma ya medali

Sehemu ya maisha ya Michelle inayopaswa kuwagusa wazazi zaidi haihusu umbali wa tufe.

Akiwa mtoto, alibainika kuwa na disleksia, hali inayomfanya mtu mwenye akili timamu apate shida kusoma na kuandika kwa sababu ubongo wake unapanga herufi na sauti kwa namna tofauti. Alikuwa pia na tatizo la kushindwa kutulia na kuweka umakini kwa muda mrefu. Alihitaji kufundishwa kusoma kwa njia yake, na alisaidiwa. Baadaye alimaliza chuo kikuu na kuzungumza hadharani kuhusu hali hiyo ili watoto wengine wasijione wajinga.

Katika madarasa yetu yenye watoto wengi na mwalimu mmoja, mtoto wa namna hii huitwa mvivu au mtukutu. Uwanjani ndipo mahali pekee anapofaulu. Mzazi akitaka kumwadhibu kwa matokeo mabaya, cha kwanza anachomnyang'anya ni michezo. Mwalimu wa michezo anayemjua vizuri anaweza kuwa wa kwanza kuona kwamba mtoto anaelewa kila anachoelezwa kwa mdomo, lakini anakwama kwenye maandishi. Taarifa hiyo ifike kwa mwalimu wa darasa na kwa mzazi.

Akiwa mtu mzima, Michelle aliongezeka uzito na kuchoka bila sababu iliyoonekana. Vipimo vilionyesha kwamba tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, haikuwa ikifanya kazi ya kutosha. Tezi hii hutengeneza homoni zinazoamua kasi ya mwili kutumia chakula. Ikizembea, mtu huchoka, husikia baridi kuliko wenzake, hupata choo kigumu, ngozi hukauka na uzito hupanda. Kwake ilikuwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi. Sababu nyingine ya tezi hiyo kuharibika, inayojulikana tangu zamani katika nyanda za juu, ni ukosefu wa madini joto, ambao huleta rovu. Ndiyo maana chumvi ya nyumbani inapaswa kuwa yenye madini joto, na ifunikwe vizuri isikae juani wala karibu na moto.

Somo kwa mzazi ni kwamba uchovu wa mtoto au kuongezeka kwa uzito wake kusichukuliwe haraka kuwa uvivu au ulafi. Akichoka kwa wiki kadhaa bila sababu, apelekwe kituo cha afya akapimwe, kuanzia malaria, minyoo na upungufu wa damu, na daktari akiona inafaa, homoni za tezi.

Halafu kuna suala la mwili. Michelle ni mwanamke mkubwa kwa umbo, na tufe linataka mwili huo. Alisomea upambaji wa uso, akawa anaingia uwanjani amejipamba, na aliendesha kambi za kuwafundisha wasichana kurusha na kuipenda miili yao. Kwa binti wa kidato cha pili anayeitwa majina kwa sababu ya mabega yake, kumwona bingwa wa Olimpiki mwenye umbo kama lake kuna maana kubwa.

Mazoezi ya kurusha hayambadilishi msichana kuwa mwanamume. Wasichana wana homoni nyingine, na misuli yao huongezeka kwa kiasi. Wanachopata ni mifupa imara, mgongo wenye nguvu na usingizi mzuri.

Mkono hujengwa jikoni

Rukwa ni mkoa unaolisha wengine. Mahindi ya Ufipa hujaza maghala na malori. Kuna maharage, ulezi, karanga na alizeti, kuna ng'ombe, na kuna samaki wa maziwa mawili, Tanganyika na Rukwa.

Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Rukwa wana udumavu, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Ni takribani mtoto mmoja kati ya wawili. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa iliyokuwa juu ya Rukwa ni Iringa na Njombe, nayo ni ya nyanda za juu yenye chakula kingi.

Udumavu hauishii kwenye urefu. Unagusa ubongo, kinga ya mwili na nguvu za mtoto za baadaye. Sehemu kubwa hutokea katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

Sababu zinajulikana. Mama mjamzito hulima hadi siku za mwisho na kula mlo uleule wa wanga. Mtoto huanza kupewa uji kabla ya miezi sita, au baada ya miezi sita hupewa uji wa mahindi mtupu, mara mbili tu kwa siku, kwa sababu mama yuko shamba. Kuhara na minyoo humaliza kidogo alichokula. Gunia la maharage huuzwa lote, na mayai hupelekwa gulioni.

Mwalimu wa michezo anaupokea mwili huo ukiwa na miaka 11 au 12. Anaweza kuufundisha, lakini hawezi kuurudisha nyuma kwenye siku zile 1,000. Kwa maana hiyo, mzazi ndiye kocha wa kwanza wa mrushaji.

Kwa mtoto ambaye tayari yuko shuleni, bado kuna kazi ya kufanya. Anayefanya mazoezi anahitaji kula kabla ya kwenda shule, hata kama ni viazi na chai ya maziwa. Anahitaji chakula cha mchana. Jioni, ugali uwe na maharage, dagaa au nyama, na mboga za majani. Karanga za kuchemsha mfukoni ni bora kuliko soda. Hahitaji unga wa kujenga misuli unaouzwa mitandaoni. Maharage, dagaa, mayai na maziwa vinatosha.

Mwalimu anayejua anaangalia nini?

Njia ya mrushaji kuwa kocha wa shule nchini kwetu inaeleweka. Kijana hurusha akiwa sekondari, huingia chuo cha ualimu, na Sumbawanga yenyewe inacho kimoja. Huko huendelea kushindana kupitia UMISAVUTA, mashindano ya vyuo vya ualimu. Wengine husomea michezo katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, au shahada ya elimu ya michezo chuo kikuu. Kisha hupangiwa shule, hufundisha vipindi vyake, na jioni hukabidhiwa michezo.

Mwalimu kama huyo ana kitu ambacho asiyewahi kurusha hana: ameshawahi kuumia. Anajua maumivu ya misuli iliyofanya kazi na maumivu ya kiungo kinachoharibika.

Anajua kwanza kwamba tufe husukumwa kutoka shingoni. Mtoto anayelirusha kama jiwe, mkono ukiwa nyuma, anajitafutia jeraha la bega na kiwiko. Anajua pia kwamba nguvu ya mrusho huanzia miguuni na kupita nyonga kabla ya kufika mkononi. Kwa hiyo wiki za kwanza mtoto huruka, huchuchumaa na kurusha mpira, kabla ya kushika chuma.

Pili, anajua uzito. Tufe la wanaume watu wazima ni kilo 7.26 na la wanawake ni kilo nne. Kwa walio chini ya miaka 18, kimataifa wavulana hutumia kilo tano na wasichana kilo tatu. Mkuki wa wanaume ni gramu 800 na wa wanawake gramu 600, lakini kwa umri huo ni gramu 700 kwa wavulana na 500 kwa wasichana. Mtoto wa darasa la sita anahitaji vyepesi zaidi ya hivyo. Shule ikiwa na tufe moja tu la watu wazima, mwalimu mwenye ujuzi atatumia mipira, au mawe laini ya mto aliyoyapima, kuliko kumpa mtoto chuma hicho.

Sababu ni mifupa. Mtoto anayekua ana sehemu laini karibu na viungo, mahali mfupa unaporefukia. Hazijakomaa hadi mwishoni mwa ujana. Zikivutwa kila siku kwa uzito mkubwa, huvimba na kuuma, na zinaweza kuharibu ukuaji wa mkono. Hata bingwa aliyekomaa hapumziki kwa hasara. Mtoto naye awe na siku mbili au tatu za kupumzisha mkono kila wiki.

Tatu, anajua usalama. Mkuki unaweza kuua. Hakuna anayesimama mbele ya anayerusha, hakuna anayekwenda kuokota hadi wote wamalize, na mkuki hubebwa ncha ikiwa imeelekea juu au chini, kamwe usiwe umelala begani. Uwanja wa kurushia usiwe njia ya wanafunzi wanaokwenda kuchota maji.

Mzazi aulize nini?

Ukisikia mwanao amechaguliwa kurusha, nenda shuleni. Haihitaji barua. Mwulize mwalimu, kwa heshima, maswali haya: Anatumia tufe la kilo ngapi? Wanafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki? Nani anakuwapo wakati wa kurusha? Akiumia, huduma ya kwanza iko wapi?

Mwulize na mwanao. Maumivu ya misuli baada ya mazoezi huisha ndani ya siku mbili au tatu. Maumivu ya kiungo yanayomwamsha usiku, yanayouma akiinua ndoo au yanayorudi kila anaporusha, yanahitaji kusimamisha mazoezi na kumwona mtaalamu wa afya. Kuchua kwa nguvu si tiba ya kiungo cha mtoto.

Kama shule haina mwalimu aliyewahi kurusha, mzazi anaweza kuuliza kama yupo kwenye shule jirani au ndani ya kata. Walimu waliorusha wakiwa vyuoni wapo, na wengine hawajawahi kuulizwa. Kamati ya shule inaweza kuomba awatembelee watoto mara moja kwa wiki msimu unapokaribia. Nauli ya bodaboda na chakula cha mchana si gharama kubwa ukilinganisha na bega la mtoto.

Usimwahidi mtoto Olimpiki. Wengi wa wanaorusha shuleni hawatafika hata ngazi ya taifa, na hilo halina ubaya. Watabaki na mwili wenye afya, na nidhamu ya kufanya jambo moja mara mia hadi litoke sawa. Wengine watakuwa walimu, na watarudi kwenye duara la chokaa la shule fulani ya Kalambo au Nkasi, wakiwa watu wazima wanaojua.

Na wiki hii, kabla ya mazoezi ya jioni, mzazi angalia kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wako: mwanao amekula nini leo asubuhi?